Nani anamfukuza nani kazi: jibu kwa kijana wa Kizota

Kijana mmoja fundi wa kuchomelea mageti kaniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Mimi nipo Kizota hapa Dodoma. Juzi kijiweni tumebishana mpaka usiku. Mimi nasema Tanzania ni mfumo wa Rais kama Marekani. Jamaa yangu anasema hapana, ni mfumo wa Bunge kama Uingereza, ndo maana tuna Waziri Mkuu na mawaziri wanakaa Bungeni. Mwingine akadakia, sasa kama ni wa Bunge mbona Bunge lipo hapa hapa mjini kwetu halijawahi kumng'oa Waziri Mkuu kwa kura, wakati Uingereza wanawang'oa kila siku? Nani kapatia, na mfumo upi ndo bora? Kuna dau la mbuzi choma mnadani Msalato."

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuweka dau la maana, siku hizi watu wanabishana siasa bure bure mwisho wananuniana. Ntajibu kwa urefu kidogo, vumilia. Wewe na jamaa yako kila mmoja kashika kipande cha kweli, ila kwa lugha ya ofisini kwako mnabishania rangi ya geti na komeo hakuna aliyelikagua.

Nimefundisha siasa linganishi hapa Dodoma miaka mingi na kila mwaka wanafunzi wanakuja na ndoo mbili, ndoo ya Rais na ndoo ya Bunge, wanataka kila nchi duniani waitumbukize humo. Huwa nawaambia wekeni ndoo pembeni, ulizeni: nani anaweza kumfukuza nani kazi, afu huyo anayefukuza akishafukuza, yeye mwenyewe anabaki au naye anaondoka? Hilo la pili watu wanalisahau na ndo lenye utamu wote.

Chukua mfano wa VICOBA. Kikundi cha kwanza, wanachama wote wanamchagua mwenyekiti kwa miaka mitano na siku nyingine wanachagua kamati ya kukagua daftari. Kamati ikimchukia mwenyekiti haiwezi kumtoa, inaweza tu kumbania fedha, na yeye hawezi kuitoa kamati, watanuniana mpaka muda uishe. Kikundi cha pili, wanachama wanachagua kamati, kamati ndo inamteua mwenyekiti kutoka ndani yake, na Jumatatu yoyote ikimchoka inamtoa anawekwa mwingine. Cha kwanza ndo Marekani, cha pili ndo Uingereza. Mengine yote, sijui ikulu, sijui wigi la spika, ni mapambo.

Tuanze na Uingereza maana hapo jamaa yako kachanganya kitu. Waziri Mkuu wa kule hapigiwi kura na nchi nzima, anapigiwa na watu wa jimbo lake kama mbunge yeyote, anakuwa mkubwa kwa sababu wabunge walio wengi wamesimama nyuma yake na wakiondoka nyuma yake habari imekwisha. Mfano ambao kila mwalimu wa somo hili anautumia ni James Callaghan, usiku wa Machi 28, 1979, serikali yake ilishindwa kura ya imani kwa 311 dhidi ya 310. Kura moja! Na waliomwangusha hawakubaki wamekaa kwenye viti wanacheka, Bunge lilivunjwa, wote wakarudi majimboni kuomba kura, Mei 3 Margaret Thatcher akashinda. Sasa mwambie jamaa yako hiyo ya 1979 ndo mara ya mwisho, tangu hapo hakuna serikali ya Uingereza iliyoanguka kwa kura ya kutokuwa na imani. Thatcher mwenyewe alipoondoka 1990, Boris Johnson 2022, na Liz Truss aliyekaa siku 49 tu, wote walisukumwa na wenzao wa chama, Bungeni kura ya kuwang'oa haikupita. Shika hiyo pointi vizuri, tutairudia tukifika Dodoma.

Marekani ni kikundi cha kwanza kabisa. Walipoandika katiba yao 1787 walikuwa wametoka kwenye ugomvi na mfalme, kwa hiyo walitaka kila mhimili uwe na uwezo wa kumkwaza mwenzake. Waziri wa kule haruhusiwi kuwa mbunge kwa wakati huohuo, akiteuliwa anaachia kiti. Rais hawezi kulivunja Bunge na Bunge haliwezi kumtoa Rais eti kwa sababu limemchoka, mpaka wamshitaki kwa makosa makubwa, na hiyo nayo imejaribiwa mpaka mwisho kwa Andrew Johnson 1868, Bill Clinton 1998 na Donald Trump mara mbili, 2019 na 2021, hakuna hata mmoja aliyetolewa na Seneti, ile nyumba ya pili ya Bunge lao inayotoa hukumu. Richard Nixon alijiuzulu 1974 kabla hawajafika huko. Matokeo yake wakinuniana nchi inakwama kweli kweli, mwishoni mwa 2018 mpaka Januari 2019 sehemu ya serikali ilifungwa siku 35 kwa sababu ya ugomvi wa fedha za ukuta wa mpakani, wafanyakazi hawalipwi mishahara, na katika wagomvi wote hakuna aliyepoteza kiti kwa hilo.

Haya, turudi nyumbani. Sisi tulianza kama Uingereza tupu. Desemba 9, 1961 Tanganyika inapata uhuru mkuu wa nchi alikuwa Malkia wa Uingereza, Nyerere ni Waziri Mkuu, mwezi uliofuata akajiuzulu akamwachia Rashidi Kawawa. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 9, 1962, tukawa jamhuri, Rais anachaguliwa na wananchi, na cheo cha Waziri Mkuu kikafutwa, kikarudishwa 1972, Kawawa huyohuyo akakishika. Kwa hiyo Waziri Mkuu tuliye naye leo siyo yule wa 1961 aliyebaki, ni mwingine aliyezaliwa upya, na safari hii mzazi wake ni Rais.

Angalia katiba ya 1977 inavyosema. Ibara ya 51, Rais ndani ya siku 14 baada ya kushika madaraka anateua Waziri Mkuu kutoka kwa wabunge wa majimbo wa chama chenye wabunge wengi, na uteuzi lazima Bunge liuthibitishe. Hapo jamaa yako anapata maksi. Mawaziri lazima wawe wabunge, maksi nyingine kwake. Afu kuna ibara ya 53A, watu wengi hawajui hata kama ipo, Bunge linaweza kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Ila zipo kona kona, hoja isainiwe na asilimia 20 ya wabunge wote, taarifa itolewe siku 14 kabla, Waziri Mkuu awe amemaliza miezi sita kazini, na mwisho iungwe mkono na wabunge walio wengi. Ikipita anaondoka.

Na Rais? Rais anabaki Chamwino anateua mwingine! Hapo ndo maksi zinahamia kwako. Ukitaka kumtoa Rais mwenyewe ni ibara ya 46A, kuna saini, kuna kamati maalumu ya uchunguzi wanayokaa majaji wakuu wote wawili, wa Muungano na wa Zanzibar, na mwisho theluthi mbili ya wabunge wote. Huo ni mlango wa Kimarekani mtupu. Kwa hiyo moyo wa mfumo wetu ni wa Rais, nguo tulizouvalisha ni za Uingereza, zile tulizoachiwa.

Kuna uzi mwingine watu hawauoni. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge katika mazingira kadhaa, mojawapo ni likikataa kupitisha bajeti. Fikiria wewe ni mbunge, umekopa umekopa mpaka umeingia, miaka mitatu imebaki, afu unaambiwa ukikataa bajeti unaweza kurudi jimboni kesho kutwa kuomba kura. Utanyanyua mkono wa "siyo" kweli? Mmarekani yeye anakataa bajeti anaenda kulala.

Sasa lile swali la mbona hawajawahi kung'oa. Walikaribia. Aprili 2012 Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani, alizungusha karatasi ya saini hapa hapa Bungeni dhidi ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda, baada ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu kuwasha moto, na idadi ya saini ilivuka ile asilimia 20, hata baadhi ya wabunge wa CCM walisaini. Mji ulichangamka wiki ile, kila meza ya kahawa ni hesabu za saini. Kura yenyewe haikufika, Mei Rais Kikwete akabadilisha baraza la mawaziri, baadhi wakatupwa nje, Pinda akabaki. Edward Lowassa yeye aliondoka Februari 7, 2008, lakini aliondoka kwa kujiuzulu mwenyewe baada ya Kamati Teule ya kina Mwakyembe kusoma ukumbini ripoti ya Richmond, ile kampuni ya mkataba tata wa umeme wa dharura. Kamati ya Bunge ilimbana, sawa, ila kura ya 53A haikupigwa.

Afu kuna la mzee wetu John Malecela, mtu wa Mvumi hapa, hili vijana hamlijui. Mwaka 1993 kundi la wabunge 55, waliitwa G55, walipeleka hoja ya kutaka Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano na Bunge likaikubali. Mwalimu Nyerere alikuwa ameshastaafu urais lakini akaja juu, akaukosoa waziwazi uongozi wa Malecela katika sakata lile, na Desemba 1994 Malecela akatoka, akaingia Cleopa Msuya. Ukirudi nyuma zaidi, Januari 1984, Aboud Jumbe aliondoka Urais wa Zanzibar na Umakamu wa Rais wa Muungano kwa mpigo mmoja, na hakuondolewa Bungeni wala Baraza la Wawakilishi, ni kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM, kilifanyika hapa Dodoma. Kwa hiyo ukiulizwa Dodoma imeshawahi kung'oa mkubwa, jibu ni ndiyo, ila nenda kauangalie ukumbi wa chama, siyo ule unaoonyeshwa laivu kwenye TV.

Na hapo ndo tunarudi kwenye ile pointi ya Thatcher. Hata Uingereza mkubwa anatolewa na chama chake. Sasa tofauti yetu na wao iko wapi? Mimi naiona kwenye ibara ya 71. Mbunge wa Tanzania akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka Bungeni, kiti kimekwenda. Maana yake chama kikikufukuza uanachama, umepoteza chama na ajira na mkopo wa gari siku hiyohiyo. Septemba 2019 Boris Johnson aliwatoa wabunge 21 kwenye kundi la chama chake Bungeni kwa sababu walimpigia kura ya kumpinga kwenye mambo ya kujitoa Umoja wa Ulaya, humo ndani kuna mawaziri wa fedha wa zamani wawili na mjukuu wa Winston Churchill. Unajua kilichowapata kesho yake? Waliingia Bungeni wakakaa kwenye viti vyao, maana kiti ni cha wapiga kura wa jimbo. Mbunge wa namna hiyo anaweza kumkazia macho Waziri Mkuu. Wa kwetu anaye mwenye nyumba mwingine, na mgombea binafsi hakuna kwahiyo hata akisema arudi kwa wananchi peke yake hana mlango. Marehemu Mchungaji Mtikila alilipigania hilo mahakamani miaka na miaka, 2010 Mahakama ya Rufani ikamkatalia, Juni 2013 Mahakama ya Afrika pale Arusha ikasema katazo hilo linavunja haki, na mpaka naandika hapa bado fomu inataka jina la chama.

Afrika Kusini wana kamba kama hiyo, mbunge akifukuzwa chama kiti kinaenda, na wao ndo wana kichekesho kingine, wana Rais lakini anachaguliwa na Bunge, yaani ni Waziri Mkuu aliyevaa koti la Rais, Botswana nao hivyohivyo. Thabo Mbeki 2008 na Jacob Zuma Februari 2018 wote waliambiwa na ANC, chama chao wenyewe, rudi nyumbani, wakajiuzulu. Halafu 2024 ANC ikashuka chini ya nusu ya kura kwa mara ya kwanza tangu 1994, Cyril Ramaphosa ikabidi akapige hodi kwa wapinzani ili Bunge limchague tena. Kwa katiba yetu hilo la kupiga hodi halipo, tangu mabadiliko ya 2000 anayeongoza kwa kura za urais ameshinda, hata kama hajafika nusu.

Mkinibana niseme nchi ipi tunafanana nayo ntasema Ufaransa, na hapo nyote wawili hamjaitaja. Katiba yao ya 1958 ni ya Charles de Gaulle, alichoshwa na serikali zinazoanguka kila baada ya miezi, akataka Rais mwenye nguvu na Waziri Mkuu wa kubeba lawama. Desemba 2024 Bunge lao lilimwangusha Waziri Mkuu Michel Barnier, Emmanuel Macron akabaki, akateua mwingine. Si ndo 53A yetu hiyo? Lakini Wafaransa mbunge akiwa waziri anaachia ubunge, na pia wamewahi kuishi na Rais wa chama hiki na Waziri Mkuu wa chama kile ndani ya nyumba moja, François Mitterrand na Jacques Chirac 1986 mpaka 1988, kila mtu anamchungulia mwenzake. Sisi ikitokea Bunge liko chama kingine na Rais chama kingine, ibara ya 51 inamlazimisha amteue mtu wa hao wapinzani wake. Katiba imeandika hivyo kabisa, ila haijawahi kuguswa, ni kama geti umechomelea vizuri halijawahi kufunguliwa, hujui bawaba zitalia vipi.

Upi bora? Hapa kila msomi ana yake. Juan Linz, Mhispania, 1990 alitoa hoja kwamba mifumo ya Rais ina hatari kwa sababu inazaa washindi wawili, Rais anasema nimechaguliwa na wananchi, Bunge nalo linasema hivyohivyo, wakigombana hakuna wa kuamua na mwisho anakuja mwanajeshi. Chile ilimpa mfano, Salvador Allende alishinda 1970 kwa kura kama asilimia 36 tu, Bunge likawa dhidi yake, Septemba 11, 1973 jeshi likaingia. Wengine wakamjibu kwamba shida ya Amerika ya Kusini ilikuwa majeshi na umaskini, wala siyo mfumo. Mimi naona Linz alikuwa na pointi ila anawahusu zaidi wenye vyama vingi vyenye nguvu sawa. Kwetu huku hatujawahi kusumbuliwa na washindi wawili, tuna mmoja na nusu.

Kitu ambacho ningekiiba nikiwa na ruhusa ni cha Wajerumani. Kabla ya Hitler Bunge lao liliweza kuungana kumwangusha mkuu wa serikali bila kukubaliana nani aje, wakomunisti na wanazi wananyanyua mikono pamoja afu kesho hakuna serikali. Walipoandika sheria mama mpya 1949 wakaweka masharti, huwezi kumtoa Kansela mpaka kwenye kura hiyohiyo umtaje na umchague mrithi. Imefanikiwa mara moja, Oktoba 1, 1982, Helmut Schmidt akatoka na Helmut Kohl akaingia. Huezui bati la mwenzako kabla hujaonyesha bati lako.

China wao wanakusanya wajumbe karibu 3,000 Beijing kila mwaka lakini mwenye kauli ni chama, hapo swali la nani anamfukuza nani linajibiwa chumba kingine kabisa. Uswisi wana wakuu saba wanapokezana urais mwaka mmoja mmoja, raha kwao, ni nchi ndogo ina fedha.

Na usidhani kugawanya heshima na utendaji ni kitu kimeletwa na meli. Hapa Ugogo zamani mtemi alikuwa mtu wa mvua na baraka ya ardhi, kesi za ng'ombe na mahari wazee walizimaliza wenyewe. Mkoloni ndo akamgeuza mtendaji, akampa daftari la kodi, watu wakaanza kumwangalia kwa jicho lingine. Uchifu ukaja kufutwa kisheria 1963. Mfalme wa Uingereza leo anafanya kazi ya mtemi wa Kigogo, tofauti ni kwamba yeye hadaiwi mvua.

Unauliza bora, mimi ningeacha mfumo wetu ulivyo, Rais wa kuchaguliwa na Waziri Mkuu wa kuhojiwa, ila ningekata ile kamba ya ibara ya 71 na ningefungua mlango wa mgombea binafsi. Tume ya Jaji Warioba, ile iliyokusanya maoni ya katiba mpya, kwenye rasimu yake iliuweka mlango huo, ikataka na mawaziri wasiwe wabunge, ikataka Rais avuke nusu ya kura, vyote vikaja kujadiliwa na Bunge Maalumu hapa Dodoma 2014, na Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba mwaka ule, kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015 ikaahirishwa mpaka leo. Hilo la mawaziri kutokuwa wabunge mimi bado linanipa kigugumizi, maana waziri asipokaa mle ndani jioni nani atamrushia swali la maji ya Kizota? Kenya tangu 2010 mawaziri wao hawako Bungeni na wabunge wao wanalalamika hivyohivyo.

Kuhusu dau. Wewe ulisema Marekani, umekosea, lakini mlango umeukaribia, Rais wetu anachaguliwa moja kwa moja na Bunge haliwezi kumtoa kwa kumchoka tu. Jamaa yako kaona nguo akadhani ni mwili. Kwa hiyo mbuzi analipa yeye, ndizi na soda unalipa wewe kwa sababu ya hilo neno "kama Marekani", na yule wa tatu aliyeuliza mbona halijawahi kung'oa asichangie kitu, swali lake ndo lilikuwa zuri kuliko yote. Jumamosi nakuja Msalato na gari la saa tano, niwekeeni mbavu.